Kamaldine na Simu Isiyomjua

Pale Kasongo, huku Kongo, Kamaldine hajawahi kuulizwa yeye ni nani. Kwa kicheko kile na maneno yale, nani amuulize? Wauza samaki humwita kwa jina akiwa bado mbali, na askari wa kizuizi cha barabarani humpungia mkono apite upesi, maana wakimsimamisha atawasimulia habari za dhahabu mpaka jua litue. Kwa hiyo simu ilipomwambia kwamba haimtambui, aliikasirikia kana kwamba imemtukana mama yake.

Dhahabu ndiyo kazi yake. Miaka mingi alipanda pikipiki kwenda kuinunua kwa wachimbaji wa Kabambare, akipita matope na madaraja ya magogo, hadi msimu wa mvua uliopita alipoanguka na kurudishwa nyumbani mguu umefungwa vijiti. Sasa alikuwa amesikia kwamba mtu anaweza kufungua akaunti, akanunua na kuuza dhahabu kwa simu, amekaa zake kitini. Akaunti hiyo aliitaka kweli kweli. Goti lilimuuma, na barabara ile alikuwa ameanza kuiogopa, ingawa hilo hakumwambia mtu, hata mkewe Aïcha.

Ili kuifungua, simu iliomba picha ya uso wake na ya kadi ya mpiga kura, ambayo huku kwetu ndiyo kitambulisho. Kadi ya Kamaldine ilikuwa imeoga jasho mfukoni miaka yote hiyo, na sura ilikuwa imefutika. Yalibaki masikio tu. Simu ikakataa.

Hapo Kamaldine akajiona mwenye akili. Siku ya kuandikishwa kupiga kura, asiye na karatasi si huleta mashahidi watatu wa kusema wanamjua? Basi akawaita majirani. Salomon, fundi viatu, alikuja na tai yake ya kanisani, wengine wawili na mashati yaliyopigwa pasi, wote wakabanana naye mbele ya simu, nyuso wamezikunja kama watu wa serikali.

"Huyu mutu iko Kamaldine," Salomon aliiambia simu kwa sauti kubwa. "Tunamujua tangu zamani. Haiko mwizi."

Simu ikajibu kwamba inataka uso mmoja. Salomon akauliza kama ni wake.

Kwenye ofisi ya uchaguzi nako akaambiwa kadi mpya hutolewa kule mtu alikoandikishwa. Na Kamaldine aliandikishwa wapi? Kabambare, wakati wa safari zake za dhahabu. Ili asiende tena Kabambare, ilibidi aende Kabambare. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Aïcha hakucheka.

Kesho yake asubuhi, Kamaldine alipokuwa akitafuta pikipiki ya kumpeleka, mkewe alileta kadi yake mwenyewe. Tangu apewe ameifunga kwenye kitambaa, na sura yake inaonekana vizuri kabisa. Akaketi, akaipiga picha, kisha akaitazama simu bila kukunja uso. Haikupita muda, simu ikamkaribisha kwa jina lake.

Kamaldine alifurahi kupita kiasi. Akanyoosha mkono, akimwita kwa jina la binti yao. "Leta sasa, mama Amisa. Nianze kazi."

"Hapana. Simu inajua uso yangu, haijui yako. Mimi ndiye nitauza. Weye utakaa hapa, utanifundisha."

"Mimi? Kamaldine mzima, nikae tu nyumbani?"

"Ndiyo, ukae." Aïcha akaiweka simu mapajani. "Kila ulipoenda Kabambare, nilikuwa nasikiliza kila pikipiki inayopita, naogopa wanakuja kuniambia umekufa. Nimechoka kuogopa, papa Amisa."

Kamaldine akaurudisha mkono wake. Alitazama mlango, akatazama goti lake, halafu akamtazama mkewe.

"Hata mimi naogopa," akasema, akavuta kiti akaketi karibu naye.