Kiti cha Juu ya Mlima

Mwaka ambao pumzi ilianza kunikimbia, niligeuka mtu mwenye adabu kuliko wote katika njia ya kutoka Kasongo kwenda Wamaza.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kupita tu. Nilisukuma kinga yangu, baiskeli ya chuma niliyoifunga fimbo kwenye usukani ili niiongoze nikitembea kando yake, na juu yake nilipanga vitenge, sabuni, betri na chumvi. Kurudi, nilileta mchele na karanga. Watu walioniuliza habari ya mjini waliipata ikitoka mgongoni kwangu, maana nilikuwa nimeshawapita.

Halafu pumzi ikaanza mambo yake. Haikuwa kikohozi, haikuwa homa, wala kifua hakikuuma. Nilivuta hewa, hewa ikafika katikati, ikarudi, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Kilima kidogo tu kilinisimamisha. Na mwanaume wa miaka arobaini na kitu hawezi kusimama katikati ya njia akihema bila watu kumuuliza. Kwa hiyo nikaanza kusalimia.

"Jambo, mama."

"Jambo, baba. Habari ya Kasongo?"

"Muzuri. Kwenu wazima wote?"

"Wazima."

"Na ile mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

"Ile ya pembe moja. Niliiona pale mwezi uliopita."

"Ile tulishakula."

"Aa, pole. Nyama yake ilikuwa muzuri?"

Tulipofika kwenye ladha ya mbuzi, nilikuwa nimeshapata pumzi kama sita nzuri, naweza kwenda. Niliuliza habari za mashamba, za wajukuu, za paa lililovuja, za bibi aliyeumwa jino. Mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Weye, unatafuta kura? Mbona unasalimia hata bata?"

Sababu ya kuficha ilikuwa moja. Kaka yangu mkubwa ana duka dogo karibu na soko la Kasongo, na kwa miaka mingi yeye na mke wangu wamekuwa wakiniwekea nafasi nyuma ya meza. "Siku moja utachoka," kaka husema, akiipangusa ile nafasi kwa kitambaa kana kwamba nimeshafika. Mimi nilitoka shule ya sekondari nikaenda moja kwa moja kuchimba dhahabu Lusangi, si kwa sababu ya dhahabu bali kwa sababu Lusangi ilikuwa mbali. Kisha nikakaa Nyangwe nikivusha watu kwa mtumbwi, nikachoka kuona ng'ambo mbili zile zile, nikanunua kinga. Hadi leo, nikilala mahali pamoja wiki mbili, nyayo zinaniwasha. Kama mke wangu angejua habari ya pumzi, ningekaa kati ya makopo ya nyanya hadi siku ya kuzikwa.

Basi nikatafuta dawa kimyakimya. Nilianzia Nyangwe, kwa sababu huko mke wangu hana shangazi. Muuguzi alinitoboa kidole, akatazama, akasema sina malaria, akanipa dawa ya malaria. Niliporudi kulalamika, akanipa dawa ya minyoo. Minyoo sijui kama ilikuwepo, pumzi haikurudi.

Ilibaki hospitali ya Kasongo, nikapigwe picha ya kifua. Shida ni kwamba mtu wa Kasongo hawezi kupita geti la hospitali bila kuulizwa na watu wanne. Niliwaambia wote kwamba naenda kumwona mgonjwa. Wa nne akasema, "Basi twende wote, nami nimeleta uji." Ikabidi nimtafute mgonjwa. Nilichagua mzee mmoja wa kitanda cha pembeni ambaye hakuwa na mtu, nikampa ndizi zangu, nikamuuliza habari za nyumbani kwake kwa urefu ule wa njia ya Wamaza. Mzee alifurahi sana. Alipotoka hospitali alimwambia kila mtu kwamba mimi ni ndugu yake wa upande wa mama, na mpaka leo tunaitana hivyo.

Daktari aliinua picha yangu kwenye mwanga wa dirisha. "Mapafu haya ni mazuri," akasema. "Safi kabisa." Nilijisikia kama mwanafunzi aliyesifiwa mbele ya darasa. Akasikiliza moyo, nao akasema hauna neno. "Labda siku moja uende Bukavu, kule kuna mashine nyingine." Nilimshukuru, nikatoka na mapafu yangu safi kabisa, na kabla ya kufika getini nilisimama mara mbili.

Mtu wa pekee aliyethubutu kusema sababu ni fundi wa kinga. Alikuwa akiziba tairi yangu, akanitazama nilivyokaa. "Kaka, mi siko dokta. Lakini tairi ikipoteza upepo na haina tobo, tunaangalia valvu." Nikamuuliza valvu ya mtu iko wapi. Akafikiri, spana mkononi. "Hapo ndipo masomo yangu yanaishia," akasema.

Sasa, kabla ya Wamaza kuna mlima mmoja ambao ujana wangu ulikuwa ukiupanda ukipiga mluzi. Juu yake, mara tu njia inapokuwa tambarare, kuna nyumba ya udongo yenye baraza, na barazani kiti cha mbao chenye mgongo. Nilikuwa nimeipita nyumba ile miaka kumi na tano bila kuiona. Mwaka ule niliiona. Nilipiga hodi, nikamsalimia bibi mwenye nyumba kwanza, kisha waliomo wote, nikapewa kiti na maji. Safari ya pili, vile vile. Safari ya tatu miguu yangu ilitetemeka hata nikajua sitafika Wamaza na mzigo wote, nikamwomba bibi aniwekee gunia la chumvi, nitalipitia nikirudi. Nikirudi sikulipitia. Lilikuwa zito, na mimi nilikuwa nimeshachoka na mzigo wa karanga.

Mtu wa upande ule akisoma hapa ameshaanza kucheka. Kule, mwanaume anayetafuta mke hasemi. Anapita mara ya kwanza anasalimia, akianza na mwanamke mkubwa wa nyumba. Anapita tena, anakunywa maji. Halafu anaacha kitu chake pale, asikifuate. Wenye nyumba hawakigusi wala hawamuulizi kitu, wanaita wajomba. Haya nayajua tangu nikiwa mtoto. Nimeshawacheka wanaume wengine walioacha majembe na miavuli yao kwenye nyumba za watu. Lakini akili yangu mwaka ule ilikuwa kifuani.

Safari ya nne nikakuta baraza limefagiwa. Wanaume watatu wenye mashati safi wamekaa kwenye mkeka, kiti changu kimepanguswa, na jogoo amefungwa mguu kwenye nguzo. Dereva mmoja wa pikipiki alikuwa amesimama pale akinywa maji. Nikafikiri wana sherehe yao, nitakaa kidogo tu. Na kwa kuwa pumzi ilikuwa mbaya sana siku hiyo, nilisalimia kwa urefu ambao sijawahi kuufikia. Wakaitikia kwa furaha, kila mmoja.

Mjomba mkubwa akakohoa kidogo. "Tuliona mzigo wako."

"Ndiyo, muzee. Nashukuru mumeulinda."

"Hatukuugusa."

"Najua. Hapa ni nyumba ya heshima."

Wakatazamana, niliona nimewapendeza. Mjomba akasogea karibu. "Na kule Kasongo, mama ya watoto anajua?"

Nikajua wameniona nikihema, wamegundua kila kitu. "Hajui," nikasema. "Naomba musimwambie."

Wajomba wakacheka, wakapigana mabega. "Wanaume ya Kasongo!" akasema mmoja. Dereva wa pikipiki naye akacheka, akarudisha kikombe, akawasha pikipiki akateremka upande wa mjini.

"Itajulikana tu," mjomba akasema.

"Nitamwambia mwenyewe, polepole."

"Vizuri. Basi tumuite binti tumuulize."

Hapo ndipo nilipomtazama jogoo, nikatazama mashati, nikatazama gunia langu la chumvi limewekwa katikati ya mkeka kama bwana harusi. Nilitaka kusema neno, lakini pumzi niliyokuwa nayo haikutosha neno.

Binti alitoka jikoni, mikono yake ya kijani kwa majani ya sombe aliyokuwa akitwanga. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyerudi kwao baada ya kuachana na mumewe, na mimi katika safari tatu nilikuwa sijawahi kumtazama.

"Munataka niitikie nini?" akawauliza. "Huyu hakuje kuoa. Huyu anakuja kupumzika."

"Mwanangu, sema kwa heshima," bibi akasema.

"Nasema kwa heshima. Mi nachota maji kule chini, namuona akipanda. Anasimama, anashika kinga kwa mikono miwili, mabega inapanda inashuka kama ya kuku mwenye joto. Kisha anajipangusa, anavaa uso mwingine, ndipo anasema hodi. Mutu ya kunitaka angeniangalia hata mara moja. Huyu anaangalia kiti."

Wote wakakitazama kiti, na mimi juu yake.

"Na chumvi?" bibi akaniuliza. "Chumvi ni ya nini?"

"Ilikuwa nzito, bibi," nikasema.

Bibi akaanza kucheka, akacheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani, na wajomba nao, hata yule mkubwa ambaye alikuwa ametembea tangu asubuhi kuja kuniozesha mpwa wake. Jogoo alifunguliwa mguu. Katika mkutano ule yeye peke yake ndiye aliyepata faida. Mimi nilipewa bugali na sombe, nikala kwa aibu, nikaondoka na chumvi yangu.

Lakini dereva wa pikipiki alikuwa amekwenda kabla binti hajasema. Nilipofika Kasongo, siku mbili baadaye, mke wangu alikuwa ukumbini amekunja mikono.

"Mwenzangu wa mlimani hajambo?" akaniuliza.

Nakiri: kwa dakika nzima nilifikiri kukubali. Kuwa na mke wa pili mlimani kungeniletea kelele ya miezi, lakini kungeniachia njia. Pumzi ingeninyang'anya njia bila kelele yoyote. Nilimtazama, nikaona macho yake mekundu ya siku mbili, nikashindwa. Nikamwambia yote, tangu Nyangwe na dawa ya minyoo hadi gunia la chumvi.

Hakuamini hata neno moja. "Kila mwanaume anayeoa juu ya mlima anakosa pumzi," akasema.

Nikamwonyesha picha ya kifua niliyoificha chini ya vitenge. Akaiinua kwenye mwanga kama daktari. "Dokta alisema nini?"

"Alisema mapafu ni safi kabisa."

"Unaona?"

Basi Jumatatu iliyofuata tukaenda wote. Alijitwika gunia la chumvi kichwani, akasema anataka kulirudisha mwenyewe kwa wenyewe. Njia nzima alitangulia mbele bila kugeuka, na mimi nyuma na kinga, nikiona kisigino chake kikipiga udongo kwa hasira. Alisimama mara moja tu, kuniuliza kwa nini kila kijiji kinanipa habari za mbuzi.

Tulipofika chini ya mlima sikusalimia mtu. Nilipanda kama nilivyo. Nilisimama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa mbali juu, kisha nikamwona amegeuka. Akaweka gunia chini. Naye alikuwa anahema, maana mlima ule haumwachi mtu. Akakaa juu ya gunia, akatoa karanga kwenye pindo la kitenge, akawa anazimenya. Baada ya karanga mbili pumzi yake ilikuwa imetulia. Aliendelea kula. Alikula zote, na mimi bado nilikuwa nimeshika kinga kwa mikono miwili, mabega yakipanda yakishuka, nikiwa bado sijaweza kumwambia anisubiri.

Akateremka mpaka niliposimama. Hakunigusa. Alitazama kifua changu kwa muda.

"Afadhali ungeoa," akasema.

Ni neno zuri kuliko yote aliyowahi kuniambia, na lilinitisha kuliko daktari. Tulimalizia mlima pamoja, yeye akisukuma kinga. Juu, yule binti alitutazama, akaingia ndani, akatoka na kigoda. Mke wangu akakaa kwenye kile kigoda. Akamsalimia bibi kwanza, kisha waliomo wote, akauliza habari za mashamba na za paa. Nilimsikiliza nikashtuka: alikuwa akirefusha maneno makusudi, akinitazama kifua kwa pembe ya jicho, akiningojea.

Mimi nilikuwa nangoja hukumu yangu. Niliona makopo ya nyanya yakinikaribia.

Tulipoagana, alisukuma gunia la chumvi kwa mguu kuelekea kwa bibi. "Hii ni ya kwenu. Mizigo itapanda na pikipiki kuanzia leo," akasema. Kisha akamgeukia binti, akakionyesha kiti changu. "Na hiki, dada, tafadhali, musikitoe hapa."

Sababu bado haijajulikana. Tumerudi hospitali wawili, nikatembezwa uani mara saba huku daktari akitazama saa yake, akatingisha kichwa. Bukavu bado inatusubiri. Fundi bado anasema ni valvu. Nafika Wamaza siku moja baadaye kuliko zamani, mikono mitupu, fimbo tu. Mwezi uliopita nilikuta kile kiti kimepigiliwa msumari mpya mguuni. Niliuliza nani amekitengeneza, bibi akasema ni yule mjomba mkubwa, alipita akaona kinalegea, akasema mwenye kiti asije akaanguka.