Nilivyoruka Dirisha la Kituo cha Polisi

Mkiniona nacheka nikisimulia hii, msidhani imeisha, nacheka ili nisitafute pa kujificha, kwa sababu aibu ya siku ile ya miaka ya sabini bado inanipandisha joto masikioni.

Nilikuwa kijana wa Kanyangi, nimehamia kando ya barabara ya Mombasa kumsaidia mjomba dukani, na nilikuwa nimechaguliwa kuwa kuruta wa polisi (eneo letu zima tulichaguliwa wawili tu!). Kilichobaki kilikuwa kuchunguzwa tabia, basi nikaenda kituoni na Pasta wetu, amevaa tai, aje anishuhudie kwamba naimba kwaya na sijawahi kuonja pombe. Sasa ubaya wangu ni mdomo. Kila asubuhi nilikuwa napeleka maziwa pale kituoni, nasikiliza redio yao, halafu najigamba sokoni kwamba lugha ile naijua yote, roja ni nimesikia, ova ni zamu yako, na stendi bai pia, kwa hivyo Koplo wa zamu aliponiambia niketi kwenye benchi na Pasta mimi nikakataa, nikasimama dirishani karibu na redio ili nisikie vizuri sifa zangu.

Koplo akabonyeza redio, akaita kituo cha Kitui. "Kitui, nipe rekodi ya Mutisya wa Kanyangi, ova."

Redio ikakoroma. "Roja. Mutisya wa Kanyangi tunamtafuta, alivunja stoo. Stendi bai, ova."

Jamani! Mimi? Stoo? Mimi ambaye hata embe la jirani naliokota kwa ruhusa! Lakini si nilijua lugha ile, nikajua nimekwisha, na kabla Koplo hajageuka nilikuwa nimeshapita dirishani, miguu mbele, nikatua ndani ya pipa la kaluvu, pombe waliyoikamata kwenye msako wa jana yake, pipa likaanguka na mimi ndani, tukabingirika mpaka miguuni mwa akina mama waliokuwa wamepanga foleni uani.

Askari wawili waliniinua kwa kola. Ndani, redio ilikuwa inamalizia: "Huyo wetu ana miaka hamsini, hana kidole gumba. Kama wako ni kijana, ni msafi, ova."

Kwetu kila mwanamume humpa mtoto wake wa kwanza wa kiume jina la babu, na babu Mutisya alizaa wana sita. Tuko akina Mutisya sita Kanyangi! Hata huyo asiye na kidole ni binamu yangu, Krismasi tunakula naye, lakini siku hiyo kichwa kilikuwa kimejaa redio.

"Wee kijana," Koplo akaniuliza, "stendi bai ni nini?"

"Ni kungoja, afande."

"Na ulingoja?"

Pasta alinisogelea, akanusa, akarudi nyuma. "Mutisya, mwana wakwa, mwanangu," akasema polepole, "nimemaliza kuwaambia saa hii tu kwamba hujawahi kuonja." Nilitamani ardhi inimeze.

Koplo aliandika nikiona: hana rekodi, lakini akisikia jina lake anatoroka. Nafasi akapewa mwingine. Na kwa kuwa ripoti ilisomwa redioni, vituo vyote mpaka Kibwezi viliisikia, na kwa miaka mingi askari wakinisimamisha na kutazama kitambulisho changu walikuwa wanauliza, "Mutisya gani, yule wa dirisha?"

Niliapa: nikiambiwa ngoja, nangoja, hata nyumba ikiwaka. Nusu dakika tu, jamani. Ningesimama nusu dakika, ile redio ningeishika mimi.