Siku Tuliyotolewa Ukumbini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi kule Annexe pembezoni mwa mji, Directrice, mtawa mrefu aliyekuwa mkuu wa shule, asiyecheka ovyo, hakunipa chaki. Alinipa kamba. "Kufundisha utajifunza tu, Mwalimu. Anza kwanza kutembeza batoto mu barabara." Kamba ilikuwa na mafundo, kila mtoto anashika lake, na nyuma kabisa anatembea serre-file, yaani mwalimu anayefunga mstari asipotee mtu. Ninyi walimu vijana mnaicheka kamba. Chekeni! Mimi sikupoteza mtoto hata mmoja.

Directrice akahamishwa, akaja Directeur, bwana wa suti, mpenda makuu. Ndiye aliyetuombea nafasi ya kupeleka darasa la nne mjini, kuona mchezo mkubwa wa jukwaani, wa nyimbo na dansi. Gérant, msimamizi wa ukumbi, alikubali shingo upande: kelele moja tu, tunatolewa, na hakuna shule ya Annexe itakayokanyaga tena pale. Directeur akanikazia macho. "Maman Mwalimu, iko mu mikono yako. Ukiharibisha, tutaonana."

Tukakaa safu ya nyuma, mimi mwisho huu, serre-file wangu, Mwalimu Kabwe, mwisho ule. Taa zikazimwa. Ngoma, tarumbeta, nguo za kung'aa, na watoto kimya, mikono juu ya magoti kama nilivyowazoeza.

Halafu, mle ndani ya mchezo, bwana mmoja akafa mgodini. Wakamleta kwa machela. Mke wake akapiga magoti, akaanza kuimba kilio, peke yake, ukumbi mzima umekaa unamtazama. Sasa kwetu, mama akianza kulia maiti, haachwi alie peke yake. Walio karibu wanavua viatu, wanaketi chini, wanamwitikia. Mtoto wetu anajua hilo kabla ya kujua kusoma.

Nikamwona Ngoie, kasichana kapole kalikofiwa na baba yake mvua zilipoanza, anavua viatu. Nikamdaka mkono. "Ngoie, hapana!" Akanitazama kama hanijui, akateremka sakafuni, akaitikia. Sauti ile, mama yangu! Mara darasa lote liko chini, linaitikia.

Watu wakageuka. Gérant akaja mbio na tochi.

"Madame, tosha bale batoto inje! Sasa hivi!"

"Banalia naye tu, Monsieur."

"Tosha!"

Tukatoka, viatu mkononi. Pale uani nilikuwa na hasira na aibu. Nikawaeleza kwamba yule bwana hakufa, ni mchezo, baadaye ataamka aende kwake kula bukari na mboga.

"Sawa, Mwalimu," Ngoie akasema. "Lakini ule mama, nani anabakia naye?"

Nikamwachia Kabwe watoto, nikarudi mlangoni. Gérant akasimama mbele yangu.

"Tulisha kubafukuza bote, Madame."

"Batoto njo mulifukuza, hapana mimi. Kiti yangu iko."

Nikapita. Yule mama alikuwa bado anaimba. Sikukwenda kwenye kiti. Nilivua viatu, nikaketi sakafuni gizani, bila sauti, mpaka akamaliza kulia. Nilipotoka, watoto wote walikuwa wamesimama wananingoja.

"Alinyamaza?" Ngoie akauliza.

"Alinyamaza. Nilikuwa naye."

Hatukualikwa tena, na Directeur alininunia mpaka nilipoingia pensheni. Leo walimu vijana wakinitembelea wananiambia, "Maman, ungebaelezea batoto mbele ya kwenda kama mchezo ni ya uongo." Ni kweli, ninyi waelezeni wenu. Ila kinachonichoma mpaka leo si kelele ya watoto wangu. Ni wale watu wazima waliojaa ukumbini, wamevaa vizuri. Mama alilia mbele yao, na hakuna aliyevua hata kiatu kimoja.