Vidonge vya Mama Kaswera

Kule Kyarumba, ukimwomba Erifazi jembe atakupa, hata kama analimia. Ni mtu wa kuinamisha uso, na neno "hapana" humkwama kooni. Mkewe alipofariki, aliyemsaidia kumlea binti yake Muhindo ni jirani, Mama Kaswera, aliyekimbia vita upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka. Uji aliokunywa Muhindo, kwa sehemu kubwa, ulitoka kwenye sufuria ya mama huyo.

Siku Muhindo alipowaka homa na kukohoa, Erifazi alimbeba mgongoni akateremka mlima, Mama Kaswera nyuma akichechemea. Barabarani wakapata pikipiki mpaka Kasese, hospitalini, chumba cha wagonjwa wa dharura.

Daktari alimsikiliza mtoto kifua. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nesi Asmah akampa dawa ya kushusha homa na kikombe cha maji.

"Baba Muhindo, homa hii ni ya virusi. Antibayotiki haiui virusi. Tukimpa bila sababu, siku atakapoihitaji kweli inaweza kukataa kufanya kazi. Mnyweshe, na uangalie kifua chake. Akianza kupumua mbio, au mbavu zikizama, niite."

Mama Kaswera alingoja nesi apite.

"Maji? Tumeshuka mulima yote juu ya maji? Ata kwangu maji iko."

Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa vidonge vya rangi mbili, akavibana kwenye kiganja cha Erifazi.

"Pasua moja, mwaga unga kwa kikombe. Ama unaogopa ule musichana?"

Mkono wa Erifazi ulikuwa umeshapokea, kama kawaida yake. Kumkatalia mama huyu ni kama kumrudishia uji wa miaka yote. Akamtazama mtoto, midomo imekauka. Je, kama nesi amekosea? Na kama hakukosea?

"Mama, umevitoa wapi?"

"Ya mguu wangu. Walinipa mingi. Nikameza kidogo, ingine nikachungia mutoto. Nilijua siku moja ataumwa."

Erifazi akautazama ule mguu uliofungwa kitambaa. Mama alikuwa amejikata kwa jembe msimu wa kuchuma kahawa, na mpaka leo kidonda hakijaziba.

"Hapana, Mama," akasema, kwa sauti ndogo hata hakuwa na hakika kama imetoka.

Mama Kaswera akageukia ukuta.

"Sawa. Mimi si mama yake."

Neno hilo lilimchoma Erifazi. Akavitia vidonge mfukoni, akausogeza mkono wa Mama Kaswera, akaulaza juu ya kifua cha mtoto.

"Tuangalie pamoja. Mimi sijui kulea bila wewe."

Wakakaa hivyo. Mkono ukapanda na kushuka. Kila baada ya muda Erifazi alimnywesha maji kidogo kidogo. Mara moja pumzi zilikwenda haraka, akainuka kwenda kumwita nesi. Kumbe mtoto alikuwa anaota. Jua lilipopungua ukali, jasho likamtoka Muhindo shingoni, akafumbua macho.

"Mama Kaswera, kwa nini unanikandamiza? Nataka uji."

Mama Kaswera akacheka, akajifuta uso kwa kitenge. Erifazi akamwita nesi. Asmah akaja mbio.

"Anapumua vibaya?"

"Anataka uji. Ila naomba umwangalie Mama mguu." Akavitoa vidonge mfukoni, akampa.

Mama Kaswera akauficha mguu chini ya benchi.

"Mimi sikukuja kuumwa."

Asmah hakubishana. Alipiga magoti, akakifungua kitambaa taratibu, akakiangalia kidonda kwa muda.

"Mama, tutakianza upya. Daktari atachagua dawa. Hii ni ya mguu huu peke yake, na utamaliza yote."

"Na mutoto akiumwa tena?"

"Tutamleta hapa," Erifazi akasema. "Na ukishindwa kutembea, nitawabeba wote wawili."

"Na mugongo gani, weye?" Mama Kaswera akamuuliza, akaunyoosha mguu mbele ya nesi.