Umepitisha Motoni?

Jani lililonishtua lilikuwa la katikati, jani changa ambalo halijamaliza kujikunjua. Yote ya chini yake yalikuwa mabichi. Hilo moja lilikuwa limelegea na kugeuka njano, kama limemwagiwa maji ya moto. Ilikuwa asubuhi, ukungu haujapanda. Nilichoma shina kwa kisu kidogo nione ndani, maana mimi siwezi kuona kitu kimefungwa nikakiacha. Baada ya muda ukaanza kutoka usaha wa njano, taratibu, tone kwa tone.

Nilijua ni mnyauko, ugonjwa unaoua migomba. Nilijua pia nani kauleta.

Mgomba ule ulikuwa hatua sita kutoka mlango wa jikoni, kule Maruku, kwenye kibanja cha mke wangu, yaani shamba la nyumbani. Baba yake alimpa kipande kile kabla hajafa, mbele ya ndugu, migomba na mibuni yake. Kwetu kibanja ni cha watoto wa kiume. Binti akipewa, kaka zake humtazama kama mtu aliyevaa koti la mwenzake, na wanasubiri kuona lini atalichafua. Kaka yake mkubwa alikuwa amesema wazi kwamba siku kibanja kikiharibika kitarudi kwenye ukoo.

Mimi nilimkuta humo. Nilizaliwa Muleba, nikaacha shule darasa la sita, na toka hapo sijakaa mahali mvua mbili zikanikuta. Nimechuma kahawa, nimeanika dagaa visiwani, nimebeba matofali Kitendaguro. Niliwahi kuishi na wanawake wawili kabla yake. Wa kwanza niliondoka nikisema mama yake hanipendi. Wa pili nikasema kisiwa kile kina homa. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila mara sababu ilikuwa ya mtu mwingine. Huyu wa tatu aliniambia mapema kwamba hanihitaji kwa kazi, kulima anajua. Alichotaka ni mtu ambaye akisema jambo, limekwisha kuwa hivyo.

Nilisema sawa. Ni rahisi kusema sawa.

Mwanaume anayehamia kwenye kibanja cha mkewe hasemwi vizuri. Shemeji yangu, huyo kaka mkubwa, alikuwa akipita njiani ananisalimu kwa sauti ya kusikika nyumba tatu: "Bibi harusi hajambo?" Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Lakini nilikuwa naenda kutafuta vibarua mbali, hadi Muleba, nikapogolee watu migomba yao, ili nirudi nikiwa nimetoka mahali kama mwanaume.

Muleba ilikuwa na ugonjwa. Hilo halikuwa siri. Bwana shamba alikuwa ameitisha mkutano kijijini kwetu akaeleza: panga lililokata mgomba mgonjwa likikata mzima, limeupanda ugonjwa. Lipitishe motoni mpaka lisishikike. Mimi ndiye niliyeuliza maswali kuliko wote. Unakaa kwenye panga siku ngapi? Kwa nini jani la katikati linatangulia? Watu wakanicheka, wakaniita nshomile, msomi wao wa darasa la sita. Mke wangu hakucheka. Kesho yake akatengeneza mafiga matatu pembeni ya kibanja, akawa anahifadhi makaa chini ya majivu, na hakuna panga lililotoka nje likaingia kwetu bila kupita hapo.

Isipokuwa mara moja. Nilirudi kutoka Muleba jioni, mgongo unauma, na shemeji alikuwa amenikuta barabarani na salamu yake ile. Nilipofika sikuvua hata viatu. Nikaingia kwenye migomba ya karibu na nyumba, ile bora, nikaanza kukata majani makavu na maua, nikate nionekane nakata. Mke wangu akatoka jikoni.

"Umepitisha motoni?"

"Nimepitisha."

Akarudi ndani. Makaa yalikuwa hatua ishirini. Mpaka leo najiuliza hatua ishirini zilikuwa na uzito gani.

Kwa wiki kadhaa hakikutokea kitu, nami nikaanza kuamini nilipitisha kweli. Kisha likaja lile jani. Nililikata nikalifukia kabla mke wangu hajaliona. Siku nne baadaye majani yalikuwa matatu. Kisha mkungu mmoja ukaanza kuiva kabla ya wakati, na mke wangu alipopasua ndizi yake moja, ndani ilikuwa ya kahawia, kama chai iliyomwagika kwenye nguo. Aliishika muda mrefu. Alisema labda ni ndege, labda nyuki, wanatoka ua hadi ua. Nikasema labda. Toka siku ile nikawa namsikia akihesabu mashina kwa sauti ndogo anapofua, anapopepeta maharage.

Shemeji alikuja, akazunguka, hakugusa kitu. Akasema ukoo utakaa Jumamosi mchana. Halafu akamwambia dada yake, kwa upole kabisa, kwamba marehemu alikosea, kibanja hakimpokei mwanamke. Upole wake ndio ulionitisha. Mke wangu alinitazama. Nilikuwa nafunga kamba ya ndoo.

Jumamosi alfajiri nikachukua begi langu na panga. Nikamwambia nimepata kibarua Nyanga cha siku moja. Aliangalia begi, akasema tu, "Saa nane watakuwa hapa."

Kibarua kilikuwepo kweli. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja wa makamo, rozari shingoni, amesimama pale njia inapoingia kwenye migomba yake kama mtu anayelinda mlango. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakusogea.

"Panga hilo limetoka wapi?"

"Maruku, mama."

"Kuna ugonjwa huko ulikotoka?"

"Hakuna."

Lilitoka jepesi, kwa sauti ile ile iliyosema nimepitisha. Nilitazama nyuma yake. Migomba yake ilikuwa minene, myeusi kwa uzima, na machipukizi yake yamejipanga pembeni. Nikaiona yote imelegea. Nikaona pia safari nzima iliyokuwa mbele yangu: kibanja kingine, mwanamke mwingine, na panga hili hili mkononi.

"Mama, nimekudanganya," nikasema. "Upo. Mimi ndiye niliyeupeleka kwa mke wangu."

Hakushangaa, wala hakunihurumia. "Yeye anajua?"

"Hajui."

"Basi umeanza kwa mtu asiyehusika. Nenda ukamwambie mwenyewe. Na hapa kwangu huingii."

Nilirudi kwa miguu, maana bodaboda ingenifikisha upesi na sikutaka kufika upesi. Nilipotokea, walikuwa wamekwisha kukaa. Shemeji alikuwa anaongea. Mke wangu alikuwa kwenye mkeka, mikono mapajani, kama watu wanavyokaa msibani. Begi likiwa bado begani nikasema kabla sijasalimia:

"Ugonjwa nimeuleta mimi. Kutoka Muleba. Aliniuliza kama nimepitisha motoni, nikamwambia ndiyo. Sikupitisha."

Shemeji alikuwa wa kwanza kucheka. "Kumbe bibi harusi ndiye aliyeua kibanja cha baba." Wengine hawakucheka. Mzee mmoja wa ukoo akauliza ni mashina mangapi, na safari hii hesabu niliitoa mimi, si mke wangu: kumi na saba. Wakajadiliana kwa Kihaya, harakaharaka. Mwisho wakasema hawatachukua kitu msimu huu. Wataona. Neno lile waliliacha hewani, wakaenda.

Mke wangu hakulia wala hakunitukana. Alikunja mkeka.

"Ulikuwa unaondoka," akasema.

"Ndiyo."

"Begi liweke chini. Yale mashina hayajing'oi."

Nilichimba siku tisa. Kumi na saba yakawa ishirini na sita, maana mengine yalijionyesha nikiwa bado kwenye shimo. Hakuna mgomba utakaopandwa pale kwa miezi mingi, na mbele ya jiko letu sasa kuna uwazi mweupe ambapo jua linaingia mpaka mezani. Bwana shamba anasema ugonjwa hukaa kimya shinani muda mrefu kabla haujalegeza jani la kwanza. Kwa hiyo kila asubuhi tunazunguka, yeye mbele, mimi nyuma, tunaangalia majani ya katikati. Shemeji naye hupita. Siku hizi hanisalimu. Anaangalia tu juu, kwenye majani, halafu anaendelea.

Swali lake mke wangu haniulizi tena. Ninapotoka kwenye mafiga huninyooshea mkono, na mimi nalishika panga bapa litazame juu. Anasogeza mgongo wa kiganja chake karibu na chuma, bila kugusa, anangoja mpaka asikie joto. Kisha anasogea pembeni, napita.