Siku Chumvi Ilipoanguka Garsen

Walisema sitaweza kulima. Niliporudi Garsen kutoka Unguja na cheti changu ndani ya bomba la bati, cheti ambacho hakuna mwingine katika ukoo wetu aliyewahi kukipata, mjomba wangu alikigeuzageuza, akauliza, "Hiki nacho mpini wake uko upande gani?" Tangu hapo nikawa Bwana Cheti.

Mbegu sikuwa nazo ila konzi chache. Majirani walinikopesha mpunga, huyu pishi mbili, yule tatu, hata mjomba, wote wakicheka. Wao walipanda mara tu maji ya Tana yalipopungua. Mimi nilikuwa bado nanyoosha kamba ili mistari yangu iwe sawa, kama nilivyofundishwa. Mpunga wao ulifika kifundoni, wangu ungali kapuni.

"Kamba itaota kabla ya mpunga," mjomba alisema.

Asubuhi nilipokuwa tayari kupanda, alinipeleka shambani kwa mtumbwi wake. Tulikuwa ndiyo kwanza tunashuka ukingoni mbingu ilipoingia weusi na jiwe la kwanza la mvua ya mawe likampiga begani. Tuliupindua mtumbwi, tukauegemeza juu ya kigogo, tukajibanza chini yake pamoja na kapu. Mawe yalishuka kwa kishindo hata hatukusikilizana. Kisha kigogo kikateleza. Mtumbwi ukatufunika, kingo zake zikazama topeni.

Giza. Tuliusukuma kwa migongo, haukutikisika. Mawe yalikuwa yamerundikana pande zote. Maji ya baridi yakaanza kupenya. Mpunga ule ukilowa utaoza, nami nitakuwa mdeni wa kijiji kizima bila hata punje ya kupanda. Nililala chali, kapu juu ya kifua.

"Mpwa wangu, miguu yangu imekufa ganzi. Nipishe niikunje."

"Hapo pa kukunjia pana mpunga, mjomba."

Mvua iliponyamaza tulisikia wanawake wakipiga vigelegele. "Chumvi! Mungu katushushia chumvi!" Kwetu chumvi ilitoka mbali, pwani, na ilikuwa adimu. Niligonga ubao kwa ngumi.

"Nani humo?" Ilikuwa sauti ya shangazi yangu.

"Sisi! Tutoeni! Na hiyo si chumvi, ni barafu. Niliiona Unguja, melini. Itayeyuka!"

"Msimsikilize Bwana Cheti. Anataka ibaki yake peke yake. Jazeni kwanza!"

Wakajaza. Tulisikia vikapu vikikokotwa, vicheko, ugomvi, na sisi tukitetemeka chini kama vifaranga. Mjomba alimtukana shangazi mpaka sauti ikamkauka. Hatimaye vikapu vikaanza kuvuja.

"Ni maji matupu," shangazi alisema polepole. "Haya, tuwainue."

Nje kulikuwa kweupe mpaka kwenye miti ya mikoma. Lakini hakuna aliyetazama weupe ule. Mashamba yote yalikuwa yamelazwa, hakuna jani la mpunga lililosimama, na hakuna nyumba iliyokuwa imebakiza mbegu. Macho yote yakageukia kapu langu. Lilikuwa kavu.

Jioni ile nilikaa mlangoni kwangu, kila aliyenikopesha akaja na chombo chake, nami nikampimia pishi zake zote. Ningeweza kungoja mavuno, nisingelaumiwa. Sijasikia mtu mwingine wa Garsen aliyewalipa watu wote kwa siku moja. Wa mwisho alikuwa mjomba, akichechemea. Alitandaza shuka yake, nikampimia, kisha nikaongeza konzi moja kwa ajili ya miguu yake.