Wananchi Wameridhia

Kuna maneno mawili ambayo nikiyasikia redioni huwa naizima: wananchi wameridhia. Soko linavunjwa, wananchi wameridhia. Barabara inapita katikati ya nyumba za watu, wananchi wameridhia. Watu wanahamishwa bondeni wakiyaacha makaburi ya wazazi wao, na msemaji mwenye sauti ya kushiba anatangaza kwamba wananchi wenyewe, baada ya kuelimishwa, wameridhia. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na mtu anayesoma kitu asichokiamini namtambua kwa sauti tu. Basi nagomba peke yangu jikoni hapa Uyole, kisu cha viazi mkononi. Majirani wamezoea. Wanasema mwalimu anagombana tena na serikali.

Waache waseme. Ila hasira ninayoiandika leo ina mwandiko wangu ndani yake, na ndiyo maana nimechelewa kuiandika.

Kwetu ni Mufindi, ndani kidogo kutoka Nyololo. Mimi niliondoka na kazi nikaishia Mbeya. Dada yangu, ambaye alinibeba mgongoni nikiwa mtoto, alibaki na nyumba ya mama na kinyungu cha mama. Kwa asiyetujua, kinyungu ni bustani ya bondeni, kwenye udongo mweusi unaobaki na unyevu mvua zikishakatika. Unainua matuta, unafukia majani chini yake, unachimba vijifereji ili maji yapite katikati, kisha unapanda mahindi na maharage na maboga wakati mashamba ya mlimani yamekauka kabisa. Ikifika mwezi wa kumi na moja, ghala liko tupu na mlimani watu ndiyo kwanza wanasubiri mvua, nyumba yenye kinyungu inachemsha mahindi mabichi. Sisi tulikua kwa mahindi hayo. Dada ni mjane, ana wajukuu watatu anaowalea, na goti moja halimsikii. Bila lile bonde miezi hiyo hana kitu cha kuweka chunguni.

Mwaka jana nilikwenda kumwangalia kwa ajili ya hilo goti, nikakuta siku hiyo kuna mkutano mkuu wa kijiji kwenye uwanja wa shule. Tulitangaziwa ajenda mbili: mbolea ya ruzuku na vyoo vya shule. Nilimsindikiza.

Watu wa kwetu wana tabia moja ambayo mgeni hawezi kuielewa. Wanaweza kuchelewa mkutano, wanaweza kusinzia mkutanoni, lakini karatasi ya mahudhurio hawaikosi. Wana sababu. Siku utakapohitaji barua ya mtendaji wa kijiji, ya kitambulisho au ya kumdhamini mtoto wako, utaulizwa kama huwa unahudhuria. Siku ya kuandikisha mbolea ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akifika uwanjani hatafuti pa kukaa, anatafuta karatasi kwanza, na akishasaini moyo wake unatulia. Kinachosemwa baada ya hapo ni ziada.

Mtendaji aliponiona alifurahi. Mtendaji ni kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo akiwa ameinama, akasema Mungu amemletea mwalimu, mwandiko wa watu unampa shida kusoma. Na hiyo nayo ni tabia yetu: mwalimu akionekana, hata kama amestaafu, hata kama amekuja msibani, anashikishwa kalamu. Nilivimba kichwa, nisifiche. Nilivuta kiti, nikaomba rula, nikapiga mistari: namba, jina, kitongoji, sahihi. Juu nikauliza niandike nini. Akasema, acha nafasi tu mwalimu, kichwa nitaweka mwenyewe, kuna namba ya kumbukumbu sijaipata.

Nikaacha nafasi.

Watoto wangapi nimewarudishia daftari kwa kosa hilo? Nilikuwa nawaambia kila siku, kichwa cha habari kwanza, karatasi isiyo na kichwa haisahihishwi. Na mimi mtu mzima nikaijaza kurasa tatu mfululizo. Bibi zetu wasiojua kusoma walikuja mmoja mmoja, wakanitajia majina yao ya ubatizo na ya ukoo, nami nikawashika kidole gumba, nikakigusisha kwenye wino, nikakigandamiza kwenye mstari wake. Dada alikuja na fimbo yake. Nilimshika kidole na yeye pia, tukacheka, akasema tangu lini mdogo mtu akamshika mkubwa mkono kama mtoto.

Mbolea ilizungumzwa, vyoo vikazungumzwa. Mwishoni walisimama wageni wawili kutoka wilayani wakasema kwa ufupi kwamba chemchemi ya bondeni inahitaji kulindwa. Mzee mmoja akauliza italindwa kutokana na nani, wakamjibu kwamba elimu zaidi itatolewa. Hakuna aliyenyoosha mkono kwa sababu hakuna aliyetuambia tunyooshe. Tukaimba wimbo, tukaenda nyumbani, nikarudi Mbeya nikiwa nimeridhika na mwandiko wangu.

Mvua za mwaka huu zilipokatika, dada alipiga simu asubuhi. Siyo kawaida yake, huwa anabipu.

"Mwalimu," alisema, maana tangu nipate ajira ameacha kuniita jina, "wamepigilia vigingi kwenye vinyungu vyetu. Wanasema tumekubali. Na wewe ulikuwepo. Tulikubali saa ngapi?"

Nilipanda basi kesho yake. Nilishuka Nyololo nikiwa nimechemka kiasi kwamba nilimjibu vibaya mwenye bodaboda, mtu asiye na kosa lolote. Tulipofika juu ya bonde nilimwambia asimame. Vigingi vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu, vimepita katikati ya matuta ya mwaka jana. Kando yake, chini ya kivuli cha nyasi, ilikuwa imepangwa miche ya mikaratusi. Wanalinda chemchemi kwa mikaratusi! Mtoto yeyote wa Mufindi anajua kwamba mkaratusi unakunywa maji usiku na mchana na haushibi. Mama alikuwa hataki hata mmoja karibu na kisima. Lakini mwekezaji wa miti anatafuta nguzo na mbao, na pa kupanda mlimani pamejaa, kwa hiyo bonde la bibi zetu limegeuka ghafla kuwa chanzo cha maji kinachohitaji uhifadhi. Watu waliolilima vizazi vyote na maji yakaendelea kutoka ndio waharibifu wa mazingira. Nilisimama pale nikatukana kwa Kihehe, kitu ambacho sijakifanya tangu mama afe.

Mtendaji alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema utaratibu umefuatwa. Nikamwambia anionyeshe huo utaratibu. Akafungua faili bila kusita, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba hakusita. Muhtasari wa mkutano, ukurasa wa kwanza, wa pili. Halafu viambatanisho. Nikaona mistari yangu ya rula. Nikaona herufi zangu, zile zile za ubaoni, namba, jina, kitongoji, sahihi. Juu, kwenye nafasi niliyoiacha, kwa wino mwingine na mkono mwingine, kulikuwa na maneno: Orodha ya wananchi walioridhia kutoa ardhi ya bondeni kwa ajili ya uhifadhi na upandaji miti.

Nilitafuta jina la dada. Lilikuwa ukurasa wa pili, karibu na mwisho, na kidole chake pembeni kimetokea vizuri kabisa, kila mstari unaonekana. Nilikigandamiza kwa uangalifu siku ile.

Nilimuuliza yule kijana kama anajua alichokifanya. Alisema yeye ni mtumishi tu, aliagizwa viambatanisho, akapeleka alivyokuwa navyo, na kwamba vijiji vyote vinafanya hivyo. Naamini kwamba alisema kweli. Hiyo ndiyo nchi ninayoisikia redioni kila siku nikiwa na kisu cha viazi. Kumbe huko kuridhia kwetu kunatengenezwa hivi, mezani, na vijana wenye adabu, kwa majina ya watu waliofuata mbolea. Na walimu wastaafu wanapiga mistari.

Watu walidai mkutano mwingine, ukaitishwa baada ya wiki mbili. Nilibaki kusubiri. Wageni wa wilayani walikuja tena. Mtendaji akazungusha karatasi ya mahudhurio, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona watu wa kwetu wakiikataa. Wanawake waliingiza mikono ndani ya vitenge. Wazee wakaiangalia karatasi ikipita. Nilinyoosha mkono nikaomba kusema, mwenyekiti akanijibu kwamba mkutano huu ni wa wakazi, mimi ni mgeni kutoka Mbeya.

Dada alisimama kwa fimbo yake. "Siku ile ya kuandika alikuwa mwenyeji," alisema. "Leo amekuwa mgeni?"

Nikaachwa niseme. Nilisema ukweli mbele ya wote: kwamba majina yale niliyaandika mimi, kwamba juu palikuwa patupu, na kwamba niliwashika vidole mama zangu wakubwa na wadogo nikavibonyeza bila kujua vinakwenda wapi. Niliomba radhi. Mama mmoja niliyesoma naye darasa moja alitazama pembeni, na sikuona sababu ya kumlaumu. Mgeni wa wilayani akasema bila mahudhurio mkutano si halali. Wakaondoka na gari lao. Siku chache baadaye nilisikia redioni kwamba wapo wananchi wachache wanaopotoshwa na kukwamisha maendeleo. Mara hii sikuizima. Niliisikiliza mpaka mwisho, maana tukikubali tunaitwa wananchi, na tukikataa tunaitwa wachache.

Jioni ya mkutano tulikaa na dada nje ya jiko. Nilimwambia tuandike barua ya pingamizi, moja kwa moja wilayani na nakala mkoani, na kila mwenye kinyungu aweke sahihi yake. Alikuwa akimenya maboga ya mwisho ya mwaka jana.

"Andika," alisema. "Lakini anza na kichwa."

Nilianza na kichwa. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, barua nzima, polepole, kwa Kihehe, na pale aliposhindwa kuelewa alinisimamisha mpaka nikafuta neno la ofisini nikaweka la kwetu. Alinisomesha mara tatu. Sijawahi kukaguliwa vile na mkaguzi yeyote wa elimu. Wajukuu walikuwa wamekaa kizingitini wakisikiliza, na mkubwa wao alikuwa ameshaikariri.

Tuliporidhika, nilifungua kidau cha wino nilichokinunua Nyololo, nikanyoosha mkono kumshika kidole gumba kama siku ile. Dada akaurudisha mkono wake kifuani.

"Niache," alisema. "Nitabonyeza mwenyewe."

Nikamsogezea karatasi. Alifuta kidole kwenye kitenge, akakichovya, akauliza mstari wake ni upi, nikamwonyesha. Kidole kilitoka kimepinda na wino umezidi, huwezi kuona mistari yake vizuri. Asubuhi, kabla sijaenda kupanda basi, nilimkuta ameshashuka bondeni na jembe, goti na yote, anainua matuta upande wa ndani wa vigingi.